Gitaa la besi: ni pesa ngapi zinatosha?

Kwaya nyingi, bendi za vijana na vikundi vya utamaduni hufika mahali pamoja: waimbaji wapo, mpiga kinanda yupo, drumu zipo, lakini besi hakuna. Michango inaanza, na mara swali linazuka: tununue gitaa la pesa ngapi? Mmoja anasema shilingi 15,000 zinatosha. Mwingine ameona gitaa la shilingi 150,000 dukani, naye anaapa kwamba chini ya hapo ni kutupa pesa. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, na wote wawili wanaweza kukosea, kwa sababu wametaja bei kabla ya kutaja kazi.

Makala haya yanaeleza namna ya kufikia kiasi kinachokufaa wewe, au kikundi chako, bila kuingia katika deni na bila kununua kitu kitakachokaa pembeni baada ya miezi mitatu. Hatupigii debe duka wala chapa yoyote. Kiasi cha fedha kilichotajwa katika mifano ni cha kuonyesha hesabu tu. Bei halisi hubadilika kila wakati, kwa hivyo uliza katika maduka matatu au zaidi kabla ya kuamua.

Huenda ukashangaa kuona jarida la kaunti likizungumzia gitaa. Jedwali la Nne la Katiba limezipa serikali za kaunti majukumu kadhaa yanayogusa jambo hili: shughuli za utamaduni na burudani ya umma, biashara inayofuata haki, na udhibiti wa kelele. Zaidi ya hayo, pesa za kikundi zikipotea katika ununuzi mbaya, mara nyingi hupotea pamoja na kikundi chenyewe.

BESI NI NINI NA INAHITAJI NINI

Gitaa la besi la umeme kama tunavyolijua leo lilienea kuanzia mwaka wa 1951, pale Leo Fender wa California, Marekani, alipoanza kuuza besi yake ya kwanza. Lilikuwa na nyuzi nne, na shingo yenye vyuma vidogo vilivyolala kukata upana wake, ambavyo mafundi huviita freti. Umbo hilo halijabadilika sana hadi leo. Ukitembelea duka lolote la ala za muziki, magitaa mengi utakayoyaona, ya bei ya chini na ya bei ya juu, ni watoto na wajukuu wa lile la 1951.

Hapa Kenya, besi si ala ya kujificha nyuma. Katika benga, besi hukimbizana na gitaa la solo na kuwainua wachezaji. Na wengi wetu tunaujua wimbo wa Les Wanyika uitwao "Sina Makosa" kwa sababu ya besi ya Tom Malanga kama vile kwa sauti za waimbaji. Ulirekodiwa mwishoni mwa miaka ya 1970, enzi ambayo besi ya nyuzi nne ndiyo iliyokuwa ya kawaida.

Jambo moja la kiufundi lina athari kubwa kwa bajeti yako. Uzi mnene kabisa wa besi ya nyuzi nne, ukipigwa wazi, hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde. Hiyo ni sauti ya chini sana, na spika ndogo haiwezi kuitoa vizuri. Ndiyo sababu gitaa la bei ghali likiunganishwa na spika ndogo husikika jembamba, ilhali gitaa la bei ya wastani likipata spika inayofaa hujaza ukumbi. Anayetumia pesa zote kwa gitaa na kusahau mahali sauti itakapotokea amenunua nusu ya ala.

ANZA NA KAZI, KISHA BEI

Kabla ya kwenda dukani, jibu maswali manne, na uyaandike.

La kwanza: nani atalipiga, na yuko kiwango gani? Anayeanza anahitaji gitaa lisilomchosha na lisilopoteza sauti. Hahitaji zaidi ya hapo.

La pili: litapigwa wapi? Chumbani, kanisani kwenye vipaza sauti na mikisa, au nje kwenye harusi na mikutano?

La tatu: je, litaingiza pesa? Kama ndiyo, kiasi gani kwa mwezi, baada ya kutoa nauli na chakula?

La nne: nyuzi nne au tano? Besi ya nyuzi tano hupendwa sana na wapigaji wa nyimbo za injili na rumba kwa sababu hushuka chini zaidi, hadi mitetemo 31 hivi kwa sekunde. Lakini kwa kawaida gitaa lenyewe ni ghali zaidi, seti yake ya nyuzi ni ghali zaidi, na spika inayoweza kuitoa sauti hiyo ni kubwa zaidi. Kama mpigaji wako anaanza, au spika zenu ni ndogo, uzi wa tano ni gharama isiyosikika.

Kwa mtoto au mtu mwenye mikono mifupi kuna swali la tano. Besi ya kawaida ina urefu wa uzi wa inchi 34, yaani takriban sentimita 86. Zipo besi fupi za inchi 30, kama sentimita 76, ambazo vidole vidogo huzifikia kwa urahisi. Anayetumia mkono wa kushoto naye ajue kwamba magitaa ya kushoto ni machache sokoni, na aanze kutafuta mapema.

BEI YA GITAA SI BEI YA BESI

Kosa linalorudiwa zaidi ni kutumia pesa zote kwa gitaa pekee. Siku ya kwanza kikundi kinagundua kwamba hakuna waya, hakuna mfuko, na nyuzi zimechakaa. Panga bajeti yako katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni gitaa lenyewe.

Fungu la pili ni njia ya kutoa sauti. Nyumbani, kifaa kidogo cha kusikilizia kwa hedifoni au amplifaya ya wati 10 hadi 30 kinatosha. Mkipiga pamoja na drumu, wapigaji wengi huhitaji wati 100 au zaidi, na katika ukumbi mkubwa hata 300. Mahali penye mikisa na spika kubwa, kama makanisa mengi, huenda usihitaji amplifaya kabisa. Kinachohitajika ni kisanduku cha DI, kifaa kidogo kinachopeleka sauti ya gitaa moja kwa moja kwenye mikisa bila mngurumo. Tahadhari moja: usipige besi kwa nguvu kupitia amplifaya ya gitaa la kawaida. Spika yake haikutengenezwa kubeba sauti ya chini hivyo, na inaweza kupasuka.

Fungu la tatu ni vitu vidogo: waya wa gitaa, ukanda wa begani, mfuko au kasha, na stendi. Kifaa cha kutyuni si lazima ununue, kwa kuwa zipo programu za simu za bure zinazofanya kazi hiyo.

Fungu la nne ni fundi na nyuzi. Gitaa jipya likitoka kwenye boksi mara nyingi halijarekebishwa. Nyuzi ziko juu mno, au shingo imepinda kidogo kwa sababu ya safari na hali ya hewa. Ndani ya shingo mna chuma kirefu ambacho fundi hukikaza au kukilegeza ili shingo inyooke. Gitaa la bei ya chini lililorekebishwa na fundi mzuri hupigika vizuri kuliko la bei ya juu lisilorekebishwa. Usiguse chuma hicho mwenyewe kama hujafundishwa, kwa maana kikikatika shingo nzima huenda ikawa ya kutupwa.

MIFANO MITATU YA HESABU

Mfano wa kwanza ni mwanafunzi anayeweka akiba ya shilingi 500 kila wiki. Kwa mwaka mmoja, yaani wiki 52, atakuwa na shilingi 26,000. Anaweza kuzigawa hivi: gitaa 18,000, kifaa cha kusikilizia kwa hedifoni 4,000, waya, ukanda na mfuko 2,000, fundi na nyuzi 2,000. Hana amplifaya, na haimsumbui, kwa sababu kazi yake mwaka huu ni kujifunza. Akitaka kupiga kanisani, atatumia spika zilizopo.

Mfano wa pili ni kwaya ya watu 40, kila mmoja akichanga shilingi 1,000. Jumla ni shilingi 40,000. Kwa kuwa kanisa lina mikisa, mgawo unaweza kuwa: gitaa 30,000, kisanduku cha DI 4,000, waya, ukanda na stendi 3,000, fundi na nyuzi 3,000. Kwaya hii inaweza kununua gitaa bora kuliko mwanafunzi wetu kwa sababu hainunui amplifaya, na pia kwa sababu gitaa litapigwa na watu kadhaa kwa miaka mingi.

Mfano wa tatu ni bendi inayopiga katika harusi nne kwa mwezi. Wanachama wamekubaliana kutenga shilingi 1,500 kwa kila kazi kwa ajili ya vifaa, yaani 6,000 kwa mwezi. Mmoja wao anataka gitaa la shilingi 150,000. Hesabu inasema gitaa hilo litarudisha pesa zake baada ya miezi 25, na hiyo ni kama hakuna mwezi utakaokosa kazi, na kabla ya kununua hata waya mmoja. Kanuni rahisi kwa wanaofanya biashara ni hii: usitumie zaidi ya kile ambacho kazi zenyewe zinaweza kurudisha ndani ya miezi 12. Kwa bendi hii hiyo ni shilingi 72,000: gitaa 38,000, amplifaya iliyotumika 26,000, waya na kasha 4,000, fundi na akiba ya nyuzi 4,000. Mwaka wa pili, kama kazi zimeongezeka, wanaweza kupanda ngazi.

Tazama kwamba katika mifano yote mitatu hakuna aliyeanza na chapa. Kila mmoja alianza na pesa alizonazo na kazi anayotaka kufanya.

WAPI BEI NI NDOGO MNO, WAPI NI KUBWA MNO

Ipo bei ambayo chini yake unanunua matatizo. Gitaa lisiloshika tyuni, lenye freti zinazokwaruza vidole na nyuzi zilizo juu mno, humfanya anayejifunza afikiri kwamba kosa ni lake. Anakata tamaa na kuacha, nalo gitaa linabaki ukutani. Dalili ya bei hiyo haiko kwenye lebo. Iko kwenye ukaguzi tutakaoueleza hapa chini.

Upande wa pili, ipo bei ambayo juu yake unalipia vitu ambavyo wasikilizaji hawatavisikia: aina adimu ya mbao, rangi, jina la nchi ilikotengenezwa. Mashine za kisasa zinazoongozwa na kompyuta zimeinua sana ubora wa magitaa ya bei nafuu. Mengi ya magitaa ya kuanzia ya chapa zinazojulikana, kama Yamaha, Ibanez na Squier, hutengenezwa Indonesia na China, na wapo wapigaji wa kazi za kulipwa wanaoyatumia bila wasiwasi.

Kumbuka pia James Jamerson, mpigaji aliyetia besi katika nyimbo nyingi za kampuni ya Motown ya Marekani katika miaka ya 1960. Alitegemea zaidi gitaa moja la kawaida la Fender la mwaka 1962, na anajulikana kwa kutobadilisha nyuzi mpaka zikatike. Gitaa lake likaibwa muda mfupi kabla ya kifo chake mwaka 1983. Kuna mafunzo mawili hapo: sauti nzuri hutoka vidoleni kwanza, na gitaa lolote linahitaji mahali salama pa kulala.

JIPYA AU LILILOTUMIKA?

Watu wengi hulinganisha bei ya kununua pekee. Hesabu bora ni hii: bei ya kununua, toa bei utakayouza baadaye. Hiyo ndiyo gharama yako ya kweli.

Tuseme gitaa jipya la jina lisilojulikana linauzwa shilingi 15,000. Baada ya miaka miwili, mnunuzi anakupa 5,000. Limekugharimu 10,000. Sasa tuseme gitaa lililotumika la chapa inayojulikana linauzwa 30,000, na baada ya miaka miwili unaliuza 24,000. Limekugharimu 6,000, na kwa miaka hiyo miwili umepiga gitaa zuri zaidi. Lililoonekana ghali ndilo lililokuwa rahisi. Bila shaka, hesabu hii ni ya yule mwenye 30,000 mkononi. Asiye nazo asikope ili aifuate.

Lililotumika lina hatari mbili: ubovu uliofichwa na wizi. Kuhusu wizi, kupokea mali ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa ni kosa la jinai. Hata ukiwa hukujua, gitaa linaweza kuchukuliwa, ukabaki bila gitaa na bila pesa. Kwa hivyo kutana na muuzaji mchana mahali penye watu, omba risiti ya kwanza kama ipo, piga picha nambari ya gitaa, ambayo kwa kawaida huwa kwenye kichwa au nyuma ya mwili wake, kisha muandikiane hati fupi ya mauzo yenye majina, nambari za vitambulisho, bei, tarehe na saini. Usitume pesa kwa simu kwa gitaa ambalo hujaliona na kulishika.

DAKIKA KUMI ZA UKAGUZI

Nenda na mtu anayepiga besi. Kama hayupo, fuata hatua hizi.

1. Shika gitaa kama bunduki na utazame shingo kutoka kichwani hadi mwilini. Mpindo mdogo wa kwenda mbele ni kawaida. Shingo iliyojisokota kama kamba ni ya kuachwa.

2. Bonyeza kila uzi katika kila freti na uupige. Sikiliza mahali panapolia kama bati au pasipotoa sauti.

3. Tyuni nyuzi zote, piga kwa nguvu dakika tano, kisha uangalie tena. Kama zimeshuka sana, vigingi vimelegea.

4. Pima urefu wa nyuzi kutoka freti ya 12. Milimita 2 hadi 3 ni sawa kwa wengi. Zikiwa juu zaidi, muulize fundi kama zinaweza kushushwa.

5. Unganisha kwenye amplifaya. Zungusha kila kifundo, tikisa waya pale unapoingia. Sikiliza mikwaruzo na sauti inayokatika.

6. Uliza kama gitaa linatumia betri. Besi nyingine zina betri ya volti 9 ndani, na betri hiyo huisha ukiacha waya umechomekwa usiku kucha.

7. Tazama pale shingo inapoungana na mwili, na pale nyuzi zinapofungwa. Nyufa na mbao zilizoinuka ni habari mbaya.

Kisha tenganisha makosa madogo na makubwa. Vifundo vinavyokwaruza, nyuzi zenye kutu, tundu la waya lililolegea na mikwaruzo ya rangi hurekebishwa kwa pesa kidogo, na ni sababu nzuri ya kuomba bei ipunguzwe. Kwa wanaoishi pwani, kutu kwenye nyuzi ni jambo la kawaida kwa sababu ya hewa ya chumvi, na kupangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga husaidia sana. Lakini shingo iliyojisokota, chuma cha ndani kilichokatika, na mwili uliopasuka ni makosa makubwa. Hapo usibishane bei. Shukuru na uondoke.

KULETEWA KUTOKA NG'AMBO

Wengi wana ndugu walio ng'ambo, na huona kuagiza ni rahisi zaidi. Kabla ya kuamua, ongeza gharama zote. Gitaa linaloingia nchini linaweza kutozwa ushuru wa forodha, ada ya tamko la uagizaji, tozo ya maendeleo ya reli, na VAT ya asilimia 16. VAT huhesabiwa juu ya thamani ya bidhaa pamoja na usafiri na ushuru. Kwa gitaa ambalo thamani yake pamoja na usafiri ni shilingi 40,000, VAT pekee itakuwa angalau 6,400. Ulizia viwango vya sasa kwa KRA kabla ndugu yako hajalipa.

Jambo lingine ni umeme. Gitaa lenyewe halina shida, lakini amplifaya kutoka Marekani mara nyingi imetengenezwa kwa volti 120, na umeme wetu ni volti 240. Ukiichomeka moja kwa moja, huenda ikaungua dakika hiyo hiyo. Soma maandishi nyuma ya amplifaya kabla ya kuilipia.

PESA ZITOKE WAPI

Kwa anayejifunza, jibu ni moja: akiba. Gitaa la kujifunzia halitaingiza hata shilingi kwa miezi mingi, kwa hivyo deni lake litalipwa na pesa za chakula, karo au kodi ya nyumba.

Chukua mfano wa mkopo wa mtu binafsi wa Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 2022. Riba yake ni asilimia 8 kwa mwaka, na kwa shilingi 20,000 kwa siku 14 riba hiyo haifiki hata 100. Tatizo si riba. Tatizo ni kwamba mkopo huo unatakiwa kulipwa ndani ya siku 14, na hakuna mtu aliyejifunza besi na kuanza kulipwa kwa siku 14. Mikopo mingine ya simu ina muda mfupi vilevile na gharama ya juu zaidi.

Duka likikupa nafasi ya kulipa pole pole, jumlisha kabla ya kutia saini. Tuseme gitaa la shilingi 28,000 taslimu linatolewa kwa malipo ya kwanza ya 8,000 na 2,500 kila mwezi kwa miezi 12. Jumla ni 38,000. Umelipa 10,000 zaidi kwa sababu ya haraka. Ukiweka hizo 2,500 kila mwezi katika chama au benki, ukiongeza zile 8,000, ndani ya miezi minane una 28,000 zote mkononi, na nafasi ya kuomba punguzo.

GITAA LA KIKUNDI NI LA NANI?

Migogoro mingi huanza baada ya gitaa kufika, hasa pale mpigaji anapohama au kujitoa. Amueni mapema na muandike kwenye kumbukumbu za mkutano: gitaa ni mali ya kikundi, linakaa kwa nani, nani anaruhusiwa kulitoa, nani analipia nyuzi, na likipotea au kuvunjika nini kitafanyika. Liandikeni kwenye daftari la mali pamoja na nambari yake na nakala ya risiti. Risiti iandikwe jina la kikundi, si jina la mpigaji wala la mweka hazina.

Kikundi kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 kina nafasi nzuri zaidi ya kulinda mali yake, kwa sababu kina katiba na maafisa wanaotambulika. Kama hamjasajiliwa, ulizeni katika ofisi ya maendeleo ya jamii iliyo karibu.

UKIUZIWA KITU KIBOVU

Ibara ya 46 ya Katiba inampa kila mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, habari anazohitaji ili kunufaika nazo, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inaeleza zaidi. Anza kwa kurudi dukani na risiti yako mapema, na ueleze kasoro kwa maandishi. Mkishindwa kuelewana, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Si lazima uwe na wakili, na sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60. Bila risiti, safari yote hiyo inakuwa ngumu. Kwa hivyo usikubali punguzo la bei kwa sharti la kutopewa risiti.

SAUTI NA JIRANI

Sauti ya besi hupenya kuta kuliko sauti nyingine. Kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zina viwango vikali zaidi usiku kuliko mchana, na hazijasahau nyumba za ibada. Kama mazoezi yenu ni jioni mtaani, amplifaya ndogo au hedifoni ni akiba maradufu: mnatumia pesa kidogo na mnakaa vizuri na majirani. Kwa tamasha la nje, ulizeni kwanza kuhusu kibali.

KWA UFUPI

Andika kazi ya gitaa kabla ya bei. Hesabu pesa ulizonazo, si unazotarajia. Zigawe mafungu manne: gitaa, sauti, vitu vidogo, fundi. Kama ni biashara, usizidishe kile ambacho kazi zitarudisha ndani ya miezi 12. Kagua kwa dakika kumi, chukua risiti, na kama ni la kikundi liandikwe jina la kikundi.

Vikundi vinavyotaka kusaidiwa kupanga bajeti au kupata maelezo ya usajili na vibali vinaweza kufika katika ofisi ya msimamizi wa wadi, ambaye atawaelekeza kwa afisa wa utamaduni au wa biashara. Njooni na orodha ya wanachama na makadirio ya bei kutoka maduka matatu.